Upekuzi Uwe wa Sheria, Usiwe wa Kitu Kidogo

Abiria anayepanda matatu jioni ana haki ya kufika kwake akiwa mzima. Hilo halina mjadala. Wahalifu wamekuwa wakijifanya abiria, wakaketi kimya hadi gari lifike penye giza, ndipo wakachomoa visu na kuwapora wenzao. Kwa hiyo afisa wa polisi anaposimamisha gari ili alikague, sisi hatumwiti adui. Tunachomwuliza ni hiki: unapekua kwa sababu gani, na umeandika wapi ulichokifanya?

Swali hili si geni katika nchi yetu. Tarehe 24 Aprili 1954 askari wa kikoloni waliuzingira mji wa Nairobi, wakapekua mtaa baada ya mtaa na kuwazuilia maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kilichowatia hatiani ni kabila, si tendo. Uhuru ulikuja na bendera ikabadilika, lakini desturi ya kumshuku mwananchi kwanza na kutafuta sababu baadaye haikuondoka. Tarehe 7 Julai 1997, polisi wakiwasaka waliodai mageuzi, waliingia hata katika Kanisa Kuu la All Saints na kuwapiga watu humo ndani. Mnamo Aprili 2014 maelfu walikamatwa katika msako wa Eastleigh, wengi wao Wasomali, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Kwa wengi wao kosa lilikuwa sura na jina.

Ni kwa ajili ya machungu kama hayo tulidai katiba mpya, nasi tukaipata mwaka 2010. Ibara ya 31 inamlinda kila mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake ovyo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika kifungu cha 57, inamruhusu afisa kusimamisha gari na kulipekua bila kibali cha mahakama akiwa na sababu za kutosha. Lakini inamtaka ajitambulishe kwanza, aandike alichokifanya, aandike alichokichukua, na ampelekee mkubwa wake ripoti. Nayo Sheria ya Taratibu za Makosa ya Jinai inaamuru kwamba mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, tena kwa kuzingatia heshima. Sheria basi tunayo. Kinachokosekana ni utiifu.

Na kisu je? Wengi hudhani kuwa na kisu ndani ya matatu ni kosa lenyewe. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinamlenga mtu aliyejihami kwa silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda uhalifu mkubwa, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 7 hadi 15. Neno zito hapo ni nia. Mama mboga ana kisu cha kukatia sukuma wiki. Mpishi wa harusi ana chake, na kijana wa bucha hurudi nyumbani na chake kikiwa kimefungwa gazetini. Hao ni watu wa kazi.

Lakini kizuizini nia haiulizwi. Kijana wa bucha hushushwa, akatishwa kwa kifungo cha miaka mingi, kisha akaambiwa aongee vizuri. Mshahara wa siku unabaki barabarani, na kumbukumbu haiandikwi popote. Tafakari, ndugu msomaji, jambo linalofuata. Kama asiye na hatia hununua njia, mwenye hatia atashindwaje kuinunua? Kizuizi kinachouza ruhusa hakimlindi abiria, bali kinamfungulia mnyang'anyi mlango.

Tena upekuzi una macho ya kuchagua. Tarehe 17 Juni 2025 watu waliopanda pikipiki, wenye rungu na mijeledi mikononi, waliwapiga waandamanaji katikati ya Nairobi mchana kweupe, polisi wakiwapo. Silaha hizo hazikufichwa gazetini. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tunamtaka Inspekta Jenerali ahakikishe kwamba kila kizuizi kina afisa mkuu anayejulikana kwa jina, daftari la kumbukumbu za upekuzi, na afisa wa kike. Tunaitaka Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ikague madaftari hayo bila kungoja malalamiko.

Nanyi waumini na wanaharakati, msipigane na afisa kizuizini. Ulizeni kwa upole jina lake, nambari yake ya kazi na sababu ya upekuzi, kisha andikeni mahali na saa. Abiria mmoja akishushwa, wenzake wasigeuze nyuso dirishani. Mashahidi kumi na wanne ni ngao kubwa. Makanisa yawakusanye waliodhulumiwa, yawatafutie mawakili. Na vijana wetu tuwaambie wazi: Petro alipochomoa upanga bustanini aliamriwa aurudishe alani. Kisu cha kujihami jioni huwa kisu cha kuua usiku.

Usalama bila haki ni utumwa, na haki bila usalama ni jina tupu. Sisi twadai vyote viwili.