Kelele si nguvu

Leo sina habari za testi wala bumu. Nina ugomvi na vijana wa Maili Moja, Kibaha, wanaong'oa ekzosi ya IST ya cc 1300, wanafunga bomba pana, halafu wanatamba eti gari imeamka. Imeamka wapi? Injini si ni ileile! Bomba pana husaidia moshi kutoka haraka injini ikizunguka kwa kasi, hasa gari yenye tabo. Kwa kainjini kadogo unaambulia kiduchu, pengine hata nguvu ya kuondokea inapungua. Kapande nayo vilima vya Pugu kwenda Kisarawe uone kama sauti inavuta gari! Linalodanganywa ni sikio tu. Na pale Tumbi kuna wagonjwa wanataka kulala. Jamani, hela hiyo nunueni plagi na matairi.