Kuchelewesha si kurekebisha!

Jamani, tuache kudanganyana. Draiva ya poti ya siriali ikipoteza herufi, mtu anaongeza msleep ya milisekunde 10, jaribio linapita, anatangaza ushindi. Ushindi gani? Intarapti bado inaandika kwenye bafa huku programu ikisoma. Umepunguza tu nafasi ya kugongana.

Dawa ni kufuli: spin_lock_irqsave. Ukitumia spin_lock tupu, intarapti ikiibuka kwenye prosesa ileile iliyoshika kufuli, italisubiri milele.

Linux ilihangaika miaka mingi kuondoa kufuli lake kuu, hadi toleo la 2.6.39 mwaka 2011, kwani ilibidi ijulikane kila data inalindwa na nini.

Mezani utazima na kuwasha. Mashine ya kupima maji ikiganda kisimani Ngaremara, nani atatoka Isiolo kuiwasha?