Nani Kasema Kutembea ni Kuzurura?

Kwa muda sasa tumekuwa tukitupiwa maneno. Sisi ni kikundi kidogo cha Waswahili wa hapa London. Jumamosi moja ya kila mwezi hukutana nje ya kituo cha treni, tukatembea kwa miguu mtaa hadi mtaa kwa saa tatu au nne, kisha tukaagana. Hakuna kiingilio, hakuna fulana za rangi moja, hakuna mgeni rasmi. Wengi wetu tunatoka Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, na wawili wanatoka Bukavu. Jumuiya yetu ilipokaa kupanga kalenda ya mwaka, tuliomba matembezi yaingizwe pamoja na Idi na karamu ya mwisho wa mwaka. Tukajibiwa, tena mbele za watu, kwamba jumuiya haiwezi kuweka uzururaji kwenye kalenda. Ukumbi ukaangua kicheko, na mzee mmoja akamalizia kwa kusema mtembezi hula miguu yake.

Tungeweza kunyamaza. Lakini maneno yale yamekwisha kuwafanya watu wawili watatu waone haya kuja, na mmojawapo ni mama mjane ambaye bila matembezi yale hatoki ndani isipokuwa kwa daktari. Kwa hiyo tunajibu.

Tuanze na methali. Waliotunga methali ile walimkusudia mtu anayezunguka nyumba za wenzake kutwa nzima huku shamba lake linaota magugu. Hawakumkusudia mtu aliyebeba boksi siku sita, akatuma pesa nyumbani, akalipa kodi ya nyumba, na siku ya saba akataka kuuona mji anaoulipia. Lugha iliyotupa methali ile ndiyo iliyotupa pia "tembea uone". Mtu akichagua moja na kuifungia nyingine kabatini, huyo ana lake jambo.

Ama hilo neno uzururaji, hapo ndipo tunapoudhika hasa, kwa kuwa wanaolitumia hawajiulizi limetoka wapi. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa na sheria za kuwakamata Waafrika waliokuwa wakitembea mjini bila kazi ya kuonyesha. Mwaka 1915 ikapitishwa sheria ya kuwasajili wenyeji, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika aliyefikia utu uzima akalazimishwa kubeba kipande. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni, na ndani yake mwajiri ameandika mshahara wake na siku aliyoachishwa kazi. Asiye na kipande hana ruhusa ya njia. Mambo hayo yaliendelea hadi mwaka 1947. Wazee wetu wakajifunza kwamba mtu mwenye heshima huonekana akienda mahali, akiwa na shughuli, na asiye na shughuli akae ndani asionekane.

Sasa tazama Waingereza wenyewe walikuwa wakifanya nini kwao wakati huo huo. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa na wenye ardhi ili matajiri wawinde ndege. Walitaka kutembea tu. Watano kati yao walifungwa jela. Mwaka 1935 vyama vya watembezi vikaungana kuwa chama kimoja cha nchi nzima, na baada ya miaka 65 ya kusukumana, sheria ya mwaka 2000 ikampa kila mtu haki ya kutembea kwenye milima na nyika zilizo wazi za Uingereza na Wales. Kila mtu, yaani na sisi. Haki waliyoifungiwa jela vijana wale, wakati babu zetu wamevalishwa bati shingoni, leo tumeipata bure, na mwenzetu anasimama ukumbini na kipaza sauti kutuambia ni uzururaji!

Kuna jambo jingine linalotusumbua zaidi kuliko kicheko. Wengi wetu tumekaa London miaka ishirini, thelathini, na hatuujui mji. Tunavijua vituo. Mwulize mwenzetu Whitechapel iko upande gani wa mto kutokea Rotherhithe, atakutajia rangi ya reli. Hili lina sababu, na sababu yake ni ya kihandisi. Ramani ya treni za chini ya ardhi tunayoibeba vichwani ilibuniwa na Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme, na ikatolewa kwa umma mwaka 1933. Beck aliichora reli kama saketi: mistari iliyonyooka, kona za nyuzi 45 na 90, na vituo vimepangwa kwa nafasi zinazokaribiana. Aliona kwamba mtu akiwa chini ya ardhi hana haja ya kujua umbali, ana haja ya kujua abadilishe wapi. Kwa kazi hiyo ni ramani bora kupita zote tulizowahi kuziona. Ila umbali umetupwa nje. Ndiyo maana kila siku watu hushuka ngazi, hungoja treni na kulipa nauli kamili kutoka Leicester Square hadi Covent Garden, vituo ambavyo kati yake kuna kama mita 260 tu. Ukitembea, hujamaliza hata kuulizana hali na mwenzako.

Na sisi wahamiaji ndio ramani ile imetukamata barabara, kwa sababu kazi zetu ndivyo zilivyo. Unaingia shimoni gizani alfajiri, unatokea kwenye ofisi ya kufagia au wodi ya hospitali, unarudi shimoni. Mwenye gari naye anafuata sauti ya mashine: geuka kushoto, geuka kulia. Maisha yetu yote hapa ni vitone vinne: nyumbani, kazini, msikitini au kanisani, na duka la unga na nazi. Kati ya vitone hivyo hakuna kitu, kama kwenye mchoro wa Beck.

Tunaambiwa tena kwamba historia ya London si yetu, hivyo kuna faida gani kuzunguka kuyatazama majumba ya watu. Mwenye kusema hivyo hajafika St Katharine Docks, hatua chache kutoka Mnara wa London. Gati lile lilijengwa na mhandisi Thomas Telford, likafunguliwa mwaka 1828, na ili lipatikane eneo watu zaidi ya 11,000, karibu wote maskini, walibomolewa nyumba zao. Katikati yake limesimama jengo la matofali lenye mnara wa saa linaloitwa Ivory House, la mwishoni mwa miaka ya 1850. Jina linajieleza. London ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu duniani, na sehemu kubwa ya pembe hizo zilitoka bara yetu, zikashuka Bagamoyo na pwani nyingine, zikapita Unguja, nyingi zikazungukia Bombay, zikaishia kwenye maghala ya namna hii, kisha zikawa funguo za piano na mipira ya biliadi. Sasa kuna mikahawa na mashua za starehe. Kwenye nguzo za lango wamewekwa tembo wawili wa sanamu. Tulipofika pale, bibi mmoja katika kikundi chetu aliwatazama wale tembo kwa muda, akauliza, "Na wapagazi, wao sanamu yao iko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Tulitembea mpaka Wapping tukilifikiria swali lile.

Jibu, ikiwa lipo, liko Westminster. David Livingstone alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma na Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga kwa magome ya mti na turubai, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,500, wakafika Februari 1874. Mwezi Aprili mwaka huo akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, na Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekuwa katika msafara ule, alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza. Jiwe la kaburi linasema kwamba aliletwa na mikono ya waaminifu. Majina ya hao waaminifu hayakuandikwa. Lugha iliyokuwa ikiwaunganisha njiani watu wa misafara ya namna ile ilikuwa Kiswahili. Sasa mtu atuambie mbele yetu kwamba kutembea ni mambo ya Wazungu na mbwa wao! Hakuna msafara wa miguu uliozungumzwa sana katika mji huu kuliko ule wa wasema Kiswahili, na sisi wajukuu tunauliza kama kuna mahali pa kuegesha gari.

Tukiendelea mashariki, tumewahi kusimama Brick Lane mbele ya jengo moja lililojengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Wafaransa Waprotestanti waliokimbia mateso kwao. Baadaye likawa la Wamethodisti, mwaka 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliotoka Urusi, na tangu 1976 ni msikiti. Mwendo mfupi kutoka hapo iko bustani ya Altab Ali, iliyopewa jina la kijana Mbengali, fundi wa kushona, aliyeuawa na wabaguzi tarehe 4 Mei 1978 akitoka kazini. Siku ile tulikuwa na watoto wanne, na mmoja wao, kijana wa miaka kumi na minne aliyeletwa kwa kuburutwa, ndiye aliyetaka tukae zaidi. Alizaliwa maili tatu kutoka pale na hakuwahi kulisikia jina hilo, si shuleni wala kwetu.

Wapo wanaosema kikundi chenye wanawake na wanaume kinafungua mlango wa fitina, na kwamba mwanamke mwenye staha hawi kiguu na njia. Tumechunguza, na hilo halijawahi kuambiwa mwanamume. Wanaume wetu hushinda mkahawani mpaka usiku wa manane wakibishana mpira na siasa za nyumbani, na huo unaitwa mji mwema. Mama akitembea mchana kweupe pamoja na watu ishirini, wakiwamo mumewe na wifi zake, huyo ndiye aliyepotea njia. Haya, na huko kwetu mwambao akina mama hawakuwa wakitoka jioni makundi makundi kwenda kutembeleana? Hoja hii haistahili zaidi ya mistari hii.

Hoja iliyo nzito ni nyingine, na iliyatoka midomo ya wazazi wachache kwa sauti ya chini. Vijana wetu wa kiume wakitembea mitaani husimamishwa na polisi wakapekuliwa, na mitaa mingine ina visu. Mzazi anayemwambia mwanawe apande basi moja kwa moja hadi nyumbani hatumcheki. Sisi pia ni wazazi. Tunachosema ni kwamba mtoto anayeijua mitaa yake kwa majina, anayejua kichochoro kinatokea wapi na duka gani mwenyewe ni mtu wa kukimbilia, hana hofu sawa na yule anayeijua kwa habari za televisheni. Na hayo hatayajua kama wakubwa wake hawayajui. Hatuna zaidi ya hapo la kuwaahidi.

Tazameni basi fedha za jumuiya zinakokwenda: kukodi ukumbi usio na madirisha, spika za kupasua masikio, biriani, na hotuba tatu za watu wale wale. Wazee wanaketi pembeni wasisikilizane, na watoto wako nje kwenye magari wakichezea simu. Tukitoka hapo tunaonana msibani. Matembezi hayaombi hata senti. Wazee wa London waliofikia umri wa pensheni wana pasi ya kusafiri bure, na mabao ya ramani za waenda kwa miguu yaliyoanza kuwekwa mwaka 2007 yamejaa mjini, kila moja na duara la kuonyesha utafika wapi kwa dakika chache za kutembea. Tunachoiomba jumuiya ni mstari mmoja kwenye kalenda, na mtu wa kuwapigia simu wazee wanaoishi peke yao siku moja kabla. Basi.

Safari yetu ijayo tutakutana Island Gardens tuvuke kwenda Greenwich kwa handaki la waenda kwa miguu. Lina urefu wa mita 370 hivi, na lilifunguliwa mwaka 1902 ili makuli wa ng'ambo ya kusini waende kazini kwenye magati bila kutegemea kivuko. Ni njia iliyojengewa wabeba boksi wa enzi hizo, na mpaka leo haina malipo. Upande wa kaskazini tazameni pale linapokuwa jembamba: ni chuma kilichowekwa ndani kuziba uharibifu wa bomu la Vita vya Pili. Lifti zake huwa na tabia ya kuharibika, na ngazi si chache, kwa hiyo mwenye magoti mabovu atuambie mapema, tutamsindikiza kwa treni ya DLR na kukutana naye ng'ambo. Mje na viatu vya raba na koti la mvua. Chai ya tangawizi na kachori zitakuwapo, na yule mzee wa methali tumemwekea kikombe chake.