Rangi nyeusi Berlin: nani anavuna kiwanja kikipanda bei?

WAKAZI wa mtaa wa Kreuzberg, jijini Berlin, Ujerumani, waliamka asubuhi moja ya Desemba 2014 na kukuta michoro miwili mikubwa iliyokuwa fahari ya mtaa wao imefutwa. Kuta zote mbili zilikuwa nyeusi tii. Ungedhani ni kazi ya mwenye kiwanja, lakini haikuwa hivyo. Waliopaka rangi hiyo walikuwa watu wa upande wa msanii mwenyewe, tena kwa idhini yake.

Msanii huyo ni Mwitaliano anayejulikana kwa jina moja tu la Blu. Ukuta wa kwanza aliuchora mwaka 2007 akishirikiana na Mfaransa aitwaye JR, na wa pili mwaka 2008. Huo wa pili ulionyesha mwanamume asiye na kichwa, amevaa shati na anaweka tai yake sawa, na kila mkono una saa ya dhahabu. Saa hizo zilikuwa zimeunganishwa kwa mnyororo, kwa hiyo zilikuwa pingu. Mpita njia hakuhitaji maelezo zaidi.

Mbele ya kuta hizo palikuwa na kiwanja kitupu kando ya mto Spree. Watu wasio na makazi walijenga vibanda hapo, hadi Septemba 2014 ulipotokea moto na wote wakaondolewa. Mwenye kiwanja alikuwa na mipango ya kujenga. Lutz Henke, aliyeshirikiana na Blu tangu mwanzo, alieleza baadaye kwamba hawakutaka michoro hiyo iendelee kutumika kuuza sura ya jiji ambalo linawafukuza watu walewale walioifanya mitaa yake ivutie.

Hapo ndipo penye somo la kiuchumi, na halihusu sanaa peke yake.

Mchoro mzuri hupandisha hadhi ya mtaa. Watalii huja kupiga picha, migahawa hufunguliwa, vijana wenye mishahara mizuri hutaka kuishi jirani. Thamani hiyo haimfuati aliyepaka rangi wala mpangaji aliyeishi hapo tangu mtaa ulipokuwa haupendwi na mtu. Inaganda kwenye ardhi, na mwenye ardhi ndiye anayeivuna wakati wa kupangisha upya au kuuza. Mchoro unaolalamikia nguvu ya fedha unageuka kuwa sababu mojawapo ya kupandisha kodi ya pango.

Mkulima anayelima shamba la kukodi anaufahamu mchezo huu. Anang'oa visiki, anachimba mitaro, anarutubisha udongo kwa samadi misimu mitatu mfululizo. Shamba likianza kutoa mazao mazuri, mwenyewe anakuja na bei mpya, au anamkodisha mwingine. Hakuna aliyeiba kitu. Jasho limeingia ardhini, na ardhi ina mwenyewe.

Berlin ni jiji la wapangaji. Zaidi ya wanane kati ya kila wakazi kumi hawamiliki nyumba wanamoishi. Baada ya ukuta uliokuwa ukiligawa jiji kuanguka mwaka 1989, nyumba nyingi zilibaki tupu na kodi ilikuwa nafuu kuliko ya miji mikuu mingi ya Ulaya Magharibi. Wasanii walifuata unafuu huo, na wawekezaji wakawafuata wasanii.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuwatwika wachoraji mzigo wote. Mkono mkubwa zaidi ulikuwa wa serikali ya jiji yenyewe. Ikiwa imeelemewa na madeni, mwaka 2004 iliuza kampuni yake ya nyumba iitwayo GSW, yenye nyumba zipatazo 65,000, kwa euro milioni 405. Wanunuzi walikuwa taasisi za fedha za Marekani, Cerberus na Goldman Sachs, ambazo pia zilibeba madeni ya kampuni hiyo ya zaidi ya euro bilioni 1.5. Ukijumlisha fedha taslimu na madeni, kila nyumba ilikwenda kwa takriban euro 30,000.

Mwaka 2021 jiji hilohilo lilirudi sokoni kama mnunuzi. Kwa nyumba zipatazo 14,750, baadhi zikiwa zilizowahi kuwa mali ya umma, lilikubali kulipa karibu euro bilioni 2.46. Hiyo ni kama euro 167,000 kwa kila nyumba, zaidi ya mara tano ya bei ya kuuzia.

Aliyewahi kuuza gunia la mahindi Julai ili alipe ada ya shule, kisha akanunua debe kwa bei ya kuruka mwezi Februari, haelezwi tena jambo hili. Watetezi wa uuzaji ule husema jiji halikuwa na namna, na kweli wakati ule wapo walioona nyumba hizo kuwa mzigo. Lakini ubinafsishaji unaofanywa kwa sababu ya njaa ya fedha huwa na mnunuzi anayejua njaa hiyo, na bei hupangwa ipasavyo.

Katikati ya matukio hayo mawili jiji lilijaribu njia ya amri. Februari 2020 ilianza kutumika sheria ya kufungia kodi za nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 2014 zisizidi kiwango cha Juni 2019. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilitangaza kuwa sheria hiyo ni batili, kwa kuwa suala hilo tayari lilikuwa chini ya sheria za shirikisho na jiji halikuwa na mamlaka nalo. Wapangaji ambao walikuwa wakilipa pungufu walijikuta wanadaiwa nyuma. Ni vigumu kuwaza njia mbaya zaidi ya kumsaidia mpangaji.

Miezi mitano baadaye, Septemba 26, 2021, wananchi walipiga kura ya maoni kuhusu pendekezo la kuyanyang'anya, kwa kulipa fidia, makampuni yenye nyumba zaidi ya 3,000 kila moja. Zaidi ya asilimia 56 waliunga mkono. Kura hiyo haikuibana serikali kisheria, hivyo iliundwa tume ya wataalamu, ambayo Juni 2023 ilisema jambo hilo linawezekana kisheria. Swali gumu ni la fidia. Ikilipwa bei ya soko, jiji litakuwa linanunua Februari kwa mara nyingine, na kwa wingi zaidi. Ikilipwa chini ya hapo, makampuni yatakwenda mahakamani.

Kuhusu rangi nyeusi ya mwaka 2014, haikushusha kodi ya mtu yeyote. Kiwanja kile kilijengwa hatimaye, lakini jengo lililosimama ni la ofisi. Blu hakubadili msimamo. Machi 2016 alifuta kwa rangi ya kijivu michoro yake yote iliyokuwa katika mji wa Bologna, Italia, akipinga onyesho lililokuwa na michoro iliyobanduliwa kutoka kwenye kuta za mitaani. Mtu anaweza kuiheshimu hatua hiyo bila kuamini kwamba itapunguza bei ya nyumba.

Kuna upande mmoja ambao wachoraji na wanaharakati huugusa kwa nadra. Berlin imekuwa ikipokea wakazi wapya wengi, na nyumba zisipoongezeka, wanaogombea vyumba vichache ndio watakaopandishiana bei wenyewe, mwenye nyumba awe mwema au mchoyo. Mei 2014, miezi saba tu kabla ya kuta za Kreuzberg kupakwa rangi, wapiga kura wa Berlin walikataa mpango wa jiji wa kujenga nyumba zipatazo 4,700 pembezoni mwa uwanja wa ndege wa zamani wa Tempelhof. Uwanja huo una ukubwa wa takriban hekta 300, yaani zaidi ya ekari 700, na umo ndani ya jiji. Wengi hawakuiamini serikali kwamba nyumba hizo zingekuwa za watu wa kipato cha chini. Baada ya yaliyotokea mwaka 2004 walikuwa na sababu, ila ardhi hiyo imebaki uwanja wa kupumzikia na kuendeshea baiskeli, na foleni ya wanaotafuta chumba imeendelea kurefuka.