Mcheza Kwao Hutuzwa Lini?

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Msemo huu umetoka ngomani. Kwetu pwani, mchezaji anapoingia uwanjani akaicheza ngoma barabara, ndugu na jamaa humwendea papo hapo wakambandika noti kwenye kipaji cha uso, na huku ngoma ingali ikilia. Hatungoji ngoma ivunjike, watu watawanyike, mchezaji naye awe yu taabani kitandani, ndipo tumpelekee tuzo yake.

Leo nawauliza wapenzi wenzangu wa kabumbu: je, ada hii tunaifuata? Nauliza kwa sababu ya marehemu Joe Kadenge.

Kadenge alifariki dunia mjini Nairobi tarehe 7 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 84. Siku sita kabla ya hapo Harambee Stars ilikuwa imechapwa na Senegal mabao 3 kwa bila huko Misri, ikayaaga mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Uchungu wa kushindwa haujapoa, msiba nao ukaingia. Tangu chuoni tumefundishwa kuyataja mazuri ya waliotutangulia, na siku hizo yalitajwa kweli kweli. Wazee walioacha kwenda uwanjani zamani walianza kusimulia chenga za Kadenge kana kwamba walizitazama jana, na vijana ambao hawakuwahi kumwona akicheza nao wakawa wanalitamka jina lake.

Vijana hao wamelijuaje jina hilo? Wamelijua kwa maneno matatu tu: Kadenge na mpira. Aliyeyavumisha maneno hayo redioni ni mwana wa Freretown, Mombasa, marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyejiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964 na kuaga dunia mwezi wa Februari 2025. Mwalimu wa sarufi angeyasahihisha kwa kalamu nyekundu, maana hayana kitenzi. Lakini kitenzi kingetoka wapi? Kabla mtangazaji hajasema kuwa Kadenge anakwenda, Kadenge amekwisha kwenda. Msikilizaji aliyekaa kando ya redio Lamu au Kisumu, asiyeuona uwanja, alitosheka na hayo matatu. Alijua kuwa mpira uko mahali pake na kwamba karibuni kutakuwa na kelele. Sijui wangapi katika wachezaji wetu wameacha alama katika lugha ya Kiswahili kama aliyoiacha yeye.

Ama kuhusu uaminifu wake, historia iko wazi. Alianza kung'ara na Maragoli United. Mwaka 1964 timu za Waluhya zilipoungana ikazaliwa Abaluhya, naye akawa nyota yake. Mwaka 1965 ubingwa wa taifa ulikuja huku kwetu Mombasa, mikononi mwa Feisal. Lakini mwaka uliofuata Abaluhya wakautwaa, na mwaka 1967 wakaushika tena. Mwaka 1980, vilabu vilipotakiwa kuacha majina ya kikabila, Abaluhya wakaitwa AFC Leopards, na mashabiki wakaendelea kuiita Ingwe. Jina la timu lilibadilika, lakini jina la Kadenge halikubanduka kwake. Mpaka leo mtu akimtaja mmoja, mwingine hufuata.

Sasa tutazame uaminifu wetu sisi. Enzi hizo mpira ulikuwa wa ridhaa. Mtu alifanya kazi yake ya riziki, na mpira ukaja baada ya kazi. Aliyeujaza uwanja watu elfu nyingi alirudi nyumbani na sifa, na sifa hainunui unga. Kadenge alipotundika viatu aliendesha teksi. Alifundisha mpira pia, na mwaka 2002 akaiongoza timu ya taifa. Halafu uzee ukaingia, na kiharusi kikamlaza yule ambaye mabeki walishindwa kumlaza. Hapo ndipo habari zake zilipoanza kuandikwa tena magazetini, na safari hii zilikuwa za hospitali na gharama za matibabu. Wakubwa walimtembelea, ahadi zikatolewa, picha zikapigwa. Sikatai kwamba alisaidiwa. Ninalosema ni kwamba mtu wa cheo chake hakustahili kungoja mpaka aonewe huruma.

Baada ya kufa kwake, uwanja wa City ulioko Barabara ya Jogoo, Nairobi, ukapewa jina lake. Ni jambo jema, wala silibezi. Lakini jina ukutani halimfai aliye kaburini kwao Vihiga. Linatufaa sisi tuliobaki, kwa sharti kwamba kila tunapolisoma tukumbuke deni.

Deni lenyewe ni lipi? Wako wazee wengine walio hai leo, wa Ingwe, wa Gor Mahia, na wa timu zetu za Mombasa zilizokwisha kufa. Kila klabu iwe na daftari la wachezaji wake wa zamani: nani yuko wapi, na hali yake ikoje. Katika kila mechi kubwa itengwe sehemu ya kiingilio kwa ajili ya bima yao ya afya. Shabiki naye asikae akiingoja serikali. Anayeweza kununua jezi ya timu ya Uingereza anaweza kumpelekea mzee wake kilo ya sukari. Na wenye vinasa sauti wawaendee wazee hao wakawahoji, maana kila anayezikwa huzikwa na mechi zake zote.

Tulipomlilia Kadenge tulilia kwa dhati, na machozi yale hayakuwa ya unafiki. Lakini machozi ni tuzo anayoipokea maiti. Mzee aliyeichezea timu yako miaka kumi yuko mtaani mwako, amekaa barazani akiota jua. Leo ni siku yake ya kutuzwa. Mwendee ungali unamkuta.