Nimelala kwa sultani, na sioni haya

Kabla sijaondoka Isongole, mzee mmoja jirani yangu aliniuliza swali nikasafiri nalo zaidi ya kilomita 900, kutoka Tunduma mpaka Dar es Salaam, kisha nikavuka nalo bahari. "Ndiyo kusema," alinitazama, "unakwenda kulala kwa watu waliotuuza?"

Binti yangu anafanya kazi Unguja. Alinilipia usiku mmoja katika hoteli ya Mji Mkongwe ambayo wenyewe wanasema ilikuwa makazi ya ukoo wa sultani. Jina lake silitaji kwa sababu nina neno nayo. Mimi ni muashi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimejenga kwa tofali za kuchoma huku Ileje na ng'ambo Chitipa, Malawi, na binti anajua kwamba baba yake akiingia nyumba ya watu hutazama ukuta kabla ya kutafuta kiti.

Swali la mzee halikuwa la uchokozi. Kutoka kwetu si mbali na Karonga, Malawi, alikojijengea boma Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejiita sultani. Mwaka 1887 aliwashambulia Wangonde na kuwaua wengi, na Waingereza wakaja kumnyonga Desemba 1895. Pembe na watu waliokamatwa pande hizi walishushwa pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, Sultan Barghash alipotia saini mkataba huku Waingereza wamemkaba, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria kisiwani mpaka 1897. Kwa hiyo mzee ana haki ya kuuliza.

Sisi hatuna hata kasri la kulinganisha. Machifu wetu walikaa nyumba za miti, udongo na nyasi, na uchifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963 halikubaki jengo la kugombania. Ng'ambo ya Mto Songwe, Chifu Mwaulambya yupo hadi leo na serikali ya Malawi inamtambua. Walambya ni ndugu, mto tu umepita katikati: wa kule wana chifu, sisi tuna mtendaji wa kata.

Basi nikaingia chumbani. Kitanda kilikuwa cha besera, kirefu kwenda juu, kimewekewa kijingazi, na usiku kucha nililala katikati kama maiti kwa kuogopa kuanguka. Chumba chenyewe kirefu na chembamba. Dada wa mapokezi, mpole kweli, aliniambia wafalme walipenda vyumba vya namna ile. Nilinyamaza kwa heshima, ila nikatazama juu nikaona jibu: boriti. Ni miti ya mikoko, na mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba dari hukupa mita tatu hivi, ukibahatika zaidi kidogo. Urefu wa mti ndio upana wa chumba. Mwenye nyumba angekuwa na dhahabu ya dunia nzima, angelala kwenye upana ule ule ulioruhusiwa na mti.

Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Mvua ikinyesha unanyonya, jua likitoka unatoa. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba pua. Maji yananasa ndani, chumvi inasukuma, lipu inavimba kama andazi, na ikidondoka haidondoki peke yake, inaondoka na uso wa jiwe. Ukuta wa bafuni kwangu ulikuwa umepigwa saruji, na juu yake rangi ya mafuta. Niliugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Neno langu na hoteli ile ni hilo. Chai yao ilikuwa nzuri.

Asubuhi binti alinitembeza. Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib, alilolijenga Barghash mwaka 1883, lilianguka upande mmoja Desemba 25, 2020, likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa. Tukapanda daladala hadi Maruhubi, kasri lingine la Barghash, lililoungua 1899. Zimebaki nguzo zimesimama hazibebi kitu. Mbele kidogo ni Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme, binti wa sultani, mwaka 1844. Aliandika katika kitabu chake kwamba waliishi pale watu kama elfu moja. Mimi niliona kuta zisizo na paa. Jumba la ufukweni alilolikimbia Jamshid, sultani wa mwisho, siku ya Mapinduzi ya 1964, likawa Jumba la Wananchi, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho. Jamshid mwenyewe aliishi sehemu kubwa ya maisha yake Portsmouth, Uingereza, katika nyumba ya kawaida ya mtaani.

Siku ile moja ilinigeuza mawazo. Nasema majumba ya wafalme yalaliwe. Nyumba isiyolaliwa huliwa na maji, na ushuhuda ni huo niliouona kwa macho. Makumbusho ikivuja, sanamu hazipigi kelele. Mgeni aliyelipa dola akidondokewa na tone saa nane za usiku, mapokezi hawalali. Lakini Serikali ya Zanzibar na Mamlaka ya Mji Mkongwe, ambao upo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, wakimkodisha mtu jumba la zamani, mkataba utaje chokaa kwa jina, na utaje fundi anayeijua. Vitambaa vya hariri kitandani na vitasa vya shaba haviwezi kushika dari.

Na mgeni aambiwe nani alijenga. Ukutani kwangu palikuwa na picha ya sultani mwenye kilemba na nyingine ya binti mfalme. Aliyechimba mawe ya matumbawe, aliyechoma chokaa, aliyebeba boriti begani, hana hata mstari. Mafundi wenzangu pekee niliosikia wanasimuliwa Unguja nzima ni wale wa Kanisa la Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa. Inasemekana walisimamisha nguzo kichwa chini miguu juu Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, alipokuwa hayupo. Yaani fundi mpaka akosee ndipo asimuliwe! Nilizitazama zile nguzo kwa muda. Zimebeba.

Mzee wangu wa Isongole anataka nyumba zile zianguke, na ninamwelewa. Ila zikianguka, waliozisimamisha ndio watakaofutika. Sultani ana picha, ana vitabu, ana kaburi lenye maandishi. Wao wana huo ukuta tu.

Nilipokuwa naondoka, yule dada alinipa kitabu cha wageni. Nilifungua kurasa zilizotangulia: watu wa Italia, Ujerumani, Afrika Kusini, kila mmoja anasifu machweo ya jua juu ya paa. Niliomba kalamu, nikaandika: "Bafuni, ukuta wa upande wa barabara, ondoeni saruji yote. Rudishieni chokaa, acheni ikauke polepole kabla ya rangi." Nikaweka jina langu, na chini yake: muashi, Isongole.