Mpiganaji Apewe Mkataba Kwanza

Kijana wa Tenke, mkoani Lualaba, mwenye kifua kipana na mikono mizito huambiwa na watu wa mtaani kwamba mwili wake ni mali. Wengine humwelekeza shimoni, akachimbe shaba na kobalti. Wengine humwelekeza ulingoni: mieleka, judo, ngumi, au kachi, ile mieleka ya maonyesho ya Jumapili yenye ngoma, dawa na kelele. Shimo lina sheria yake, ingawa inavunjwa. Ulingo umeachwa uende wenyewe. Kosa hilo ni la wenye madaraka, na tunaliandika hapa kwa jina lake: ni uzembe unaovunja miili ya watoto wa watu.

Wanaodhani tunatia chumvi wakumbuke Popole Misenga. Ni mtoto wa Bukavu, aliyetenganishwa na jamaa zake na vita akiwa mdogo, akajifunzia judo Kinshasa katika kituo cha watoto waliopoteza makazi. Mwaka 2013 aliivaa bendera ya Congo akaenda Rio de Janeiro kwenye mashindano ya dunia pamoja na mwenzake Yolande Mabika, naye pia wa Bukavu. Wote wawili wameeleza mara nyingi mbele ya waandishi wa habari kwamba wakuu wa msafara waliwaacha hotelini bila pasipoti, bila fedha, bila chakula cha kutosha. Misenga ameeleza pia kwamba nyumbani, mchezaji aliyeshindwa alikuwa akifungiwa kwa siku kadhaa. Walitoroka wakaomba hifadhi Brazil. Miaka mitatu baadaye, katika mji uleule, Misenga alipanda kwenye tatami ya Olimpiki akiwa katika timu ya wakimbizi, akamshinda Avtar Singh wa India kisha akaangushwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia. Wabrazili walimshangilia kama mtoto wao. Mwalimu wake alikuwa Mbrazili, Geraldo Bernardes, na chumba cha mazoezi kilikuwa cha taasisi ya Mbrazili mwingine, Flávio Canto, mwenye medali ya shaba ya Olimpiki ya 2004.

Shaba yetu huondoka kwa reli na malori, na angalau inapimwa mpakani. Misenga aliondoka bila hata kuandikwa. Ni nani aliyewahi kuulizwa juu ya pasipoti zile?

Kuna nchi ambayo imelifanya jambo la mtu mzito kumwangusha mwenzake kuwa kazi kamili, yenye cheo, mshahara na kanuni. Ni Japani, na mchezo ni sumo. Wapiganaji wawili wanakutana ndani ya duara lenye upana wa mita 4.55; anayetoka nje, au anayegusa ardhi kwa kitu chochote isipokuwa nyayo, ameshindwa. Mashindano makubwa ni sita kwa mwaka, kila moja siku 15, na baada ya kila shindano hutolewa orodha mpya ya vyeo. Katika madaraja mawili ya juu, ukishinda mara nane au zaidi katika siku hizo 15, kwa kawaida unapanda. Ukishindwa mara nane, kwa kawaida unashuka. Hakuna mjomba wala chama cha siasa kinachoweza kukuokoa na orodha hiyo.

Madaraja ni sita, lakini mshahara wa kila mwezi hulipwa wapiganaji wa madaraja mawili ya juu tu, watu 70 kati ya mamia. Aliyefika hapo hupokea zaidi ya yen milioni moja kwa mwezi. Walio chini yake hupewa chakula, mahali pa kulala na posho ndogo. Wanapika, wanafagia, wanawahudumia wakubwa wao. Ni maisha magumu. Lakini mvulana anayeingia anajua kabla hajavua viatu ni ngazi zipi zilizo mbele yake, na kila ngazi inalipa nini.

Mwafrika mmoja aliipanda njia hiyo mpaka juu. Abdelrahman Shaalan wa Giza, Misri, alianza mwaka 2012 kwa jina la ulingoni Osunaarashi, na kabla ya mwisho wa 2013 alikuwa katika daraja la kwanza, Mwafrika wa kwanza kufika huko. Julai 2014, mjini Nagoya, huku akifunga Ramadhani, aliwaangusha mabingwa wakuu wawili kwa siku mbili mfululizo: Kakuryu na Harumafuji. Kisha magoti yakamsaliti. Zamani mpiganaji aliyeumia ulingoni aliweza kukosa shindano lililofuata bila kushushwa cheo; kanuni hiyo ilifutwa mwaka 2003, hivyo kila shindano alilokosa Shaalan lilimshusha. Mwanzoni mwa 2018 alipata ajali akiwa anaendesha gari bila leseni, ingawa wapiganaji wa sumo wamekatazwa kuendesha gari hata wakiwa na leseni, na mwezi Machi chama cha sumo kikamtaka ajiuzulu. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Hatumwoneshi Shaalan ili vijana wa Fungurume na Tenke wakimbilie Japani. Kila nyumba ya mafunzo huko inaruhusiwa mgeni mmoja tu, na mgeni asiyechukua uraia wa Japani hawezi kubaki kama mwalimu baada ya kustaafu. Yeyote anayepita katika mitaa yetu akichangisha dola kwa ahadi ya kumpeleka mtoto wa mtu kwenye sumo ni mwizi, na wazazi wampeleke polisi.

Wala sumo si pepo. Mwaka 2007 mwanafunzi wa miaka 17 alikufa baada ya kupigwa na wenzake katika nyumba moja ya mafunzo, kwa amri ya bwana wa nyumba hiyo. Aibu ile haijafutika. Hata hivyo bwana yule alifukuzwa katika chama mwaka huohuo, akashtakiwa, akafungwa. Palikuwa na chama cha kumfukuza, kitabu chenye jina la marehemu na hakimu wa kusikiliza. Mtoto wetu akivunjwa shingo katika kachi ya uwanja wa vumbi, jina lake litatafutwa katika daftari lipi?

Tutaambiwa kwamba fedha hazipo. Kwa Lualaba jibu hilo halikubaliki. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaupa mkoa asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na tawala za mahali penye mgodi asilimia 15. Juu ya hayo, kila kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakazi wanaoizunguka. Mgodi wa Tenke Fungurume, ambao CMOC ya China inamiliki asilimia 80 na Gécamines, kampuni ya serikali yetu, asilimia 20, ni miongoni mwa migodi mikubwa ya kobalti duniani. Katika nchi iliyomudu kuandaa Michezo ya Francophonie Kinshasa mwaka 2023, mieleka ya Kiafrika ikiwamo, daktari mmoja kando ya ulingo wa Tenke si anasa. Zahanati na shule zitangulie, hatupingi. Gharama ya tunachodai ni ndogo mno kuweza kuzinyima chochote.

Tunadai hivi. Idara ya michezo ya mkoa isitoe kibali cha pambano lolote la kulipia kiingilio mpaka mwandaaji aoneshe mkataba wa kila mpiganaji, ulioandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa, ukitaja malipo yake na nani atamtibu akiumia. Sehemu ya mapato ya mlangoni ikatwe palepale iwekwe katika mfuko wa matibabu, na hesabu yake ibandikwe ukutani ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Mtoto asiyetimiza miaka 18 asipandishwe ulingoni kwa fedha, hata mzazi akikubali. Msafara wowote unaokwenda nje uwe na orodha iliyosainiwa na mtu mmoja mwenye jina, anayewajibika kwa pasipoti, kwa posho na kwa kurudi kwa kila mchezaji. Asiporudi naye, aeleze mbele ya mwendesha mashtaka.

Waandaaji watalalamika kwamba masharti haya yatawafilisi. Biashara isiyoweza kumlipia kijana bandeji na ifungwe leo.

Nanyi vijana, msipande ulingoni kwa neno la mdomo. Anayewaambia kwamba karatasi itakuja baada ya pambano amekwisha kuamua kutowalipa. Viongozi wa Kolwezi wanaopenda kupigwa picha na washindi wasubiri pia: mpaka masharti haya yaandikwe na kusainiwa, wasimpeleke mpiganaji yeyote nje ya mipaka kwa jina la Lualaba.